Mtoto wa miaka 4 anajigonga kila mahali na kutumia nguvu kupita kiasi: asaidiweje?

Mama_Pacha: Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wenye ujuzi. Mtoto ana miaka 4 na miezi 3, uzito kilo 16. Akipita mlangoni bega linagonga fremu. Akichora, penseli inatoboa karatasi. Kikombe cha plastiki anakiminya hadi maji yanamwagika. Akivuliwa fulana, ikimfunika uso tu anayumba. Mguu mmoja anasimama sekunde 2. Macho yamepimwa, hayana shida. Kila siku anaambiwa "angalia unapokwenda", hakuna kinachobadilika. Afanye mazoezi gani, na dalili zipi ni za kumpeleka hospitali?

Fizio_Watoto: Hiyo ya fulana ndiyo inayoeleza mengi. Ndani ya misuli na kwenye kano kuna vipokezi vinavyoupasha ubongo habari: misuli imevutika kiasi gani, imebeba mzigo gani, kiungo kimekunjwa wapi. Sikio la ndani nalo lina mifereji 3 inayohisi kichwa kikizunguka. Mtoto mdogo bado hajajifunza kuziamini habari hizo, kwa hiyo anaegemea macho. Mwaka 1974 David Lee na Eric Aronson waliwasimamisha watoto waliotoka tu kujifunza kutembea ndani ya chumba ambacho kuta zake zilisogezwa huku sakafu ikiwa imetulia. Watoto waliyumba, wengine wakaanguka, ingawa miguu haikusogezwa na chochote. Kuoanisha vizuri macho, misuli na sikio huchukua miaka. Huendelea hata baada ya miaka 7.

Kwa hiyo "angalia unapokwenda" inamrudisha kwenye macho yaleyale anayoyaegemea. Si mzembe huyo. Tafadhali msimkaripie.

Sekunde 2 ni chache kidogo. Wengi wa miaka 4 hufika 3 hadi 5.

Mwl_Chekechea: Misuli hutoa habari nyingi zaidi ikifanya kazi nzito, basi anzeni hapo. Dakika 10, mara 2 kwa siku, na moja iwe kabla tu ya kuchora.

Asukume ukuta: viganja usawa wa mabega, viwiko vimekunjwa kidogo, hesabu hadi 10, apumzike, arudie mara 3. Kisha atembee kama dubu, viganja na nyayo chini, makalio juu, mita 3 kwenda na kurudi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamshindanisha mbio. Akienda kasi, msukumo wa mwendo unambeba na misuli haina cha kupima. Aende polepole, kila kiganja kitue bila kishindo. Akibeba mkoba, usizidi kilo 1 kwa uzito wake, tena kwa dakika chache.

Mchezo mwingine: akae, afumbe macho. Mnyanyue mkono hadi mahali fulani, ushike sekunde 3, uushushe, kisha aurudishe mwenyewe palepale. Afumbue aone amekosea kwa kiasi gani. Huko kujiona ndiko kunakomfundisha, msikuruke.

Kwa penseli, wekeni karatasi juu ya taulo lililokunjwa. Akikandamiza, karatasi inazama na kutoboka mara moja, mkono unajirekebisha bila kuambiwa neno. Penseli iwe fupi, sentimita 5 au 6, ili ishikwe kwa vidole na si kwa ngumi.

Mama_Pacha: Asanteni sana. Na kumzungusha kwenye kiti kunasaidia? Anapenda mno.

Fizio_Watoto: Kwa kiasi. Akizungushwa kwa kasi isiyobadilika, baada ya sekunde kama 20 majimaji ya kwenye mifereji yanakuwa yameshika mwendo uleule, sikio halihisi tena mzunguko. Ukisimamisha ghafla, majimaji yanaendelea. Hicho ndicho kizunguzungu. Kwa hiyo mizunguko isizidi 10, polepole, subiri macho yatulie, kisha upande wa pili. Akipauka au kutoka jasho, acheni. Mwenye kifafa asizungushwe bila ruhusa ya daktari. Binafsi naona bembea ya mbele na nyuma inafaa zaidi.

Kufumba macho kuwe amekaa, au amesimama na mtu mzima yuko karibu wa kumdaka. Asitembee amefumba.

Masikio nayo yapimwe. Majimaji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua huweza kuvuruga mizani ya mwili hata kama mtoto halalamiki maumivu.

Msisubiri mazoezi, mpelekeni mapema, mkiona anapoteza uwezo aliokuwa nao, upande mmoja ni dhaifu, anaanguka zaidi wiki hadi wiki, au akiinuka sakafuni anajikwea mapajani kwa mikono. Kichwa kuuma asubuhi pamoja na kutapika: siku hiyohiyo.