MJADALA: Gemu za visanamu ziliwakamua wazazi, au zilikuwa biashara ya haki kuliko hizi za leo?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kila ukizuka ubishi kuhusu gemu za watoto na manunuzi yasiyoisha, lazima atokee mtu wa kuzitupia lawama zile gemu za visanamu. Unanunua gemu, unanunua na sanamu ndogo ya plastiki, unaiweka juu ya kijukwaa chenye taa kilichochomekwa kwenye konsoli (mashine ya kuchezea gemu kwenye TV), na mhusika huyohuyo anachomoza kwenye skrini. Wanasema uporaji ulianzia hapo. Mimi nakataa.

Kwa wale ambao hawakuzifuatilia: majaribio yalikuwepo kabla, lakini aliyelipasua soko ni Skylanders ya Activision, Oktoba 2011, kazi ya studio ya Toys for Bob. Boksi la kuanzia lilikuja na gemu, kijukwaa kiitwacho Portal of Power na visanamu vitatu. Disney wakaingia na Disney Infinity mwaka 2013, Nintendo wakaleta visanamu vyao viitwavyo amiibo mwishoni mwa 2014, Lego Dimensions ikafuata 2015. Mapema 2014 Activision walikuwa wanajitapa kwamba wameshauza visanamu zaidi ya milioni 175. Baada ya hapo mambo yakageuka ghafla. Mei 2016 Disney walitangaza kujitoa, wakaifunga studio ya Avalanche iliyoitengeneza Infinity na kuandika hasara ya dola milioni 147. Skylanders ya mwisho ya konsoli ilitoka mwaka huohuo. Lego Dimensions waliahidi kuiendeleza kwa miaka mitatu, wakaishia miwili. Kampuni ya Ubisoft nayo ikajaribu midoli ya vyombo vya angani kwenye gemu yao iitwayo Starlink, Oktoba 2018. Ilipofika Aprili 2019 walishasema midoli mipya basi. Aliyebaki sokoni ni amiibo.

Sasa hoja. Kisanamu unakiona kabla hujatoa hela. Jina liko kwenye pakiti, umbo unaliona, bei unaiona. Mtoto hawezi kukinunua saa tano usiku kwa kubonyeza kitufe huku kadi ya mzazi imehifadhiwa ndani ya akaunti. Kisanamu kinaazimwa, kinauzwa, kinarithishwa kwa mdogo mtu. Hebu nitajieni kitu kimoja kwenye gemu za simu za leo kinachoweza kurithishwa. Karibuni.

MamaWatatu

Mleta mada, umeongea kama msemaji wa kampuni.

Mbona hukugusia mageti? Skylanders ya kwanza iligawa wahusika kwenye elementi nane: moto, maji, hewa, ardhi, uhai, wafu, uchawi na ufundi. Boksi la kuanzia lina visanamu vitatu, yaani elementi tatu. Hadithi utaimaliza nayo, hilo sibishi. Lakini humohumo ndani ya leveli mtoto anakutana na geti lenye alama ya elementi asiyokuwa nayo. Kilichoko nyuma ya geti kimo tayari kwenye diski mliyolipia. Na kuna kitu kingine wengi wanakisahau: vile vito vya Soul Gem. Mtoto anahangaika, anakipata kito, anafurahi, kumbe ni uwezo wa mhusika ambaye hana. Na hapohapo gemu inamtolea kivideo cha kumwonyesha huyo mhusika anavyopigana. Zawadi yenyewe ni tangazo! Mtu mzima ukiona tangazo unajua ni tangazo. Mtoto wa miaka sita anajua tu kwamba amekosa.

Nimekaa sebuleni nikamtazama mwanangu kwenye gemu moja ya aina hii. Anafika kwenye geti, anazungukazunguka, anapandisha kisanamu kimoja, anakitoa, anapandisha kingine, anarudia cha kwanza akidhani amekiweka vibaya. Kisha anageuka kunitazama. Huo mtazamo ndio uliokuwa unauzwa, mkuu. Waliotengeneza walijua fika kwamba mwenye pochi amekaa nyuma ya mtoto.

Mpita njia

Nyumbani kwetu kisanamu kilichopotea chini ya kochi kilitafutwa na ukoo mzima. Simu ya baba ikipotea anatafuta mwenyewe.

FundiChipu

Naomba tuwekane sawa upande wa mitambo maana mleta mada anaongea kana kwamba mhusika anaishi ndani ya plastiki.

Kisanamu hakina betri. Kwenye kitako kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa. Kijukwaa kinarusha mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, chipu inapata umeme wake humo, inataja namba yake na kusoma au kuandikiwa data. Umbali ni sentimita chache tu. Nafasi ya kuhifadhi ni ndogo mno: kwenye amiibo hata kilobaiti moja haifiki. Kwa hiyo picha, sauti, mijongeo, silaha, vyote vimo kwenye diski au vimepakuliwa. Plastiki ni ufunguo na kidaftari.

Hicho kidaftari ndicho kilichokuwa na akili. Kwenye Skylanders kilibeba leveli ya mhusika, hela alizokusanya, uwezo ulioongezwa, jina alilopewa na mtoto, hadi kofia aliyovaa. Mtoto anakibeba mfukoni, anakwenda kwa rafiki yake mwenye konsoli ya kampuni nyingine kabisa, anakiweka, na mhusika anatokea vilevile alivyomwacha. Nyakati zile konsoli hizo zilikuwa hata hazisemezani mtandaoni. Amiibo haikufika huko: data ya mchezo inayoandikwa humo ni ya gemu moja kwa wakati. Ukitaka kuitumia kwenye nyingine inayoandika, ya kwanza unaifuta.

Kwa hiyo MamaWatatu yuko sahihi kwamba vitu vilikuwa kwenye diski. Na mleta mada yuko sahihi kwamba kuna kitu halisi ulichokuwa unakimiliki. Msigombane.

BabaPacha

Nimesoma yote, naona hakuna aliyegusa neno familia.

Mimi nina wawili wa umri mmoja, mnajua maana yake: kila kitu ni vita. Hizi gemu ndizo pekee zilizotuliza nyumba, na sababu yake ni kwamba mikono ilikuwa na kazi. Mmoja ameshika padi, mwenzake anapanga visanamu mezani kama kocha na wachezaji wa akiba. Anayecheza akiishiwa nguvu, kinatolewa kile, kinapandishwa kingine, taa ya kijukwaa inabadilika rangi, wote wanapiga kelele. Bibi yao hajawahi kushika padi maishani, lakini kazi ya kuchagua nani aingie ilikuwa yake na hakuna aliyethubutu kumpinga. Kwenye gemu ya kawaida bibi angekuwa mtazamaji tu.

Halafu mchezo uliendelea konsoli ikizimwa. Swap Force ya 2013 ilikuwa na visanamu vinavyokatika kiunoni kwa sumaku, juu ya huyu unaunganisha na chini ya yule. Visanamu 16 vya aina hiyo vinakupa michanganyiko 256. Wangu walikuwa wakikaa sakafuni bila umeme, wanaviunganisha na kubishana nani kashinda. Nioneshe kifurushi cha sarafu za kwenye simu kinachochezeka umeme ukikatika.

Hela ilitoka, sikatai. Ila mtoto akiomba kumi, anapata kimoja. Kusema hapana ni kazi yangu. Siwezi kuikabidhi kampuni wala serikali.

MamaWatatu

BabaPacha, kaka, kusema hapana naweza. Nimesema mara nyingi kuliko salamu. Ninachohoji ni kwa nini bidhaa ya mtoto iundwe makusudi ili mimi niseme hapana kila baada ya dakika ishirini, ndani ya nyumba yangu, kwa kitu nilichokwisha kukilipia. Dukani nitasema hapana mara moja tukatoka. Hii inakuja na duka mpaka sebuleni.

Na kila mwaka mlango unaongezwa. Mwaka 2012 majitu, 2013 wa kukatika kiunoni, 2014 mitego ya kunasia maadui pamoja na kijukwaa kipya, 2015 magari, 2016 fuwele za kuundia mhusika wako. Visanamu vya zamani viliendelea kufanya kazi kwenye gemu mpya, nawapa hongera yao. Lakini kila gemu mpya ilikuwa na sehemu ambazo vya zamani havifungui. Waliohama kutoka Xbox 360 kwenda Xbox One hata kijukwaa ilibidi wanunue kingine.

Mkusanyaji

Mimi ni mtu mzima na ninavyo vingi, kabati zima. Niwape upande ambao wazazi hawauoni.

Wimbi la kwanza la amiibo, mwishoni mwa 2014, lilikuwa na Marth, Villager na Wii Fit Trainer. Vilitengenezwa vichache, vikayeyuka madukani, na baada ya siku chache walanguzi wakawa wanaviuza mtandaoni kwa bei ya kuruka. Nani alivinunua? Watu kama mimi, ambao hawafungui hata pakiti. Mtoto aliyemtaka Villager kwa sababu anamchezea kwenye gemu alibaki mikono mitupu. Kwa hiyo hii habari ya "bei unaiona" ina mpaka wake. Bei ya kwenye pakiti ni jambo moja, bei ya kukipata ni jambo jingine. Na kisanamu kinapobeba kitu cha mchezo wenyewe, uhaba wake unaacha kuwa suala la kabati langu. Metroid: Samus Returns ya 2017 iliweka kiwango kigumu kabisa cha mchezo nyuma ya amiibo moja. Mtu amenunua gemu kamili, anataka ugumu zaidi, anaambiwa atafute sanamu.

Mleta mada

Nimewasikia. Nijibu machache.

Mkusanyaji, hilo la Samus Returns silitetei. Silitetei pia lile la kuuza kadi za amiibo za Animal Crossing kwenye pakiti zilizofungwa usijue ndani kuna nani. Hapo kampuni ilikiacha kile ninachokisifia, yaani mnunuzi kujua anachonunua, ikaingia kwenye bahati nasibu.

Lakini angalieni kilichoshika nafasi hiyo. Visanamu vilipoporomoka, hela haikurudi kwa wazazi. Ilihamia kwenye masanduku ya bahati, yale unayolipia ndani ya gemu bila kujua utapata nini, na sarafu za kidijitali, mpaka mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ikasema masanduku ya kulipia kwenye baadhi ya gemu kubwa ni kamari kwa mujibu wa sheria yao. Hakuna aliyelazimika kuuliza kama Skylanders ni kamari. Plastiki ilikuwa na breki zake: lazima itengenezwe, isafirishwe, ipangwe kwenye rafu, na isipouzwa ni hasara ya kampuni. Hizo breki ndizo zilizowaua. Disney hawakukimbia kwa huruma, walikimbia gharama na mzigo. Kidijitali hakina rafu, na ndiyo maana hakina kikomo. MamaWatatu, geti ulilolilalamikia leo lina saa inayohesabu kurudi nyuma na neno "ofa inaisha". Mimi nalichukua lile la zamani.

FundiChipu

Mleta mada, mfano wako unakugeukia. Starlink iliuzwa pia bila midoli, kidijitali tupu, na toleo la juu lilikuja na vyombo na silaha nyingi kwa mkupuo mmoja, bila kununua kimojakimoja. Kwa hiyo plastiki haikuhitajika kufungua chochote. Walikuwa na njia mbili na ile ya mdoli ndiyo iliyokuwa ghali.

Nitakupa nukta moja lakini, na kwangu ni kubwa kuliko zote mlizotaja. Huduma za mtandaoni za Disney Infinity zilizimwa 2017. Mwenye diski, kijukwaa na visanamu, akiviweka leo vinawaka, kwa sababu ufunguo anao mkononi na hauulizi seva yoyote. Aliyenunua vazi kwenye gemu iliyofungwa seva hana kitu. Ndiyo maana pia watu wananakili data za amiibo kwenye kadi tupu. Wengine ni ubahili, wengine wanahofia chipu kuharibika. Kampuni haipendi, ila haijatoa njia nyingine ya kuhifadhi.

Mleta mada

Basi tuje kwenye pendekezo, maana kulalama tumeshalalama. Mimi naona boksi la gemu ya mtoto liandikwe mbele, kwa herufi zinazosomeka, ni sehemu gani haifunguki bila ununuzi mwingine. Kisanamu kiruhusiwe kuongeza mhusika, kofia, gari, chochote. Kisifungie leveli wala kiwango cha ugumu. Na matangazo ya wahusika usiowamiliki yatoke ndani ya mchezo, yakae kwenye menyu ambako mzazi anaweza kuyazima. Nani anapinga?

BabaPacha

Napinga hilo la leveli. Kulifungua geti kwa kisanamu ulichoazima kwa jirani ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Ukiondoa geti, kisanamu kinabaki pambo.

MamaWatatu

Pambo ndicho nilichodhani nanunua, kaka. Mleta mada, kwenye hilo la boksi niandike jina la kwanza. Kwenye menyu, bado: iwe imezimwa tangu mwanzo, anayetaka matangazo ayawashe mwenyewe.