Dilosi ya filoxenia (tamko kwamba mgeni anakaa kwako) kwa mtu mwenye hifadhi hapa Ugiriki: nani ameisaini karibuni?

Dada wa Kypseli
Habari zenu ndugu. Nina mgeni nyumbani, mama wa Uvira mwenye watoto wawili. Jibu lake la hifadhi lilitoka, nalo ni zuri, ila siku 30 zilipokwisha kambini wakamwambia afungashe. Wanalala sebuleni kwangu. Sasa anataka kufungua akaunti, na benki inadai uthibitisho wa makazi. Kuna dirisha moja, ofisi siitaji, limenirudisha mara mbili. Kwanza walitaka mkataba wangu wa pango. Nilipoupeleka wakasema hautoshi, nilete dilosi ya filoxenia yenye saini iliyothibitishwa. Swali langu ni moja tu: nikisaini, itagusa kodi yangu ya mapato? Na mwenye nyumba ataarifiwa? Mkataba wangu umetaja wakaaji wawili. Miadi yetu ni Alhamisi.

Mwana Bukavu, Thiva
Pole sana dada. Mimi siku 30 zilinikuta 2020, mwaka uleule sheria ilipobadilishwa. Kabla ya hapo mtu alikuwa na miezi sita ya kujipanga. Tulilala uwanja wa Victoria usiku kumi na moja, mke wangu ana mimba ya miezi saba. HELIOS, mradi wa kuwasaidia waliopata hifadhi, walikuwa wanasaidia pango, lakini kwanza uwe na mkataba kwa jina lako na akaunti ya benki. Mkataba hupati bila pesa ya kutanguliza, na pesa utoe wapi wakati kadi ya posho imeshakatwa? Akaunti nayo inataka anwani. Ulikuwa unazunguka hivyo mpaka miguu ivimbe. Sisi tuliokolewa na Mkameruni aliyetupa jikoni kwake tulale. Aende HELIOS huyo mama.

Mama Mkalimani
Kaka, usimtume mtu na habari za 2020, atapoteza siku bure. HELIOS ile uliyoipitia wewe haipo tena. Na kabla hajatokea wa kusema aombe nyumba za mradi wa ESTIA: zilifungwa mwishoni mwa 2022, na hata zilipokuwepo zilikuwa za waombaji ambao jibu halijatoka. Mwenye jibu alitakiwa kuondoka. Watu hawataki kulielewa hili: ukiwa mwombaji una kitanda, ukikubaliwa unakuwa huna.

Dada, dilosi unaijaza mwenyewe gov.gr, tovuti ya serikali, kwa namba zako za taxisnet, zile za kodi. Kama huna, nenda KEP, ofisi ya huduma kwa raia, na kitambulisho, usaini mbele ya karani. Ya karatasi usiisaini nyumbani, haitapokelewa. Mambo ya kodi muulize mhasibu.

Dada wa Kypseli
Asante mama. Kujaza najua. Mhasibu sina, ndiyo maana nauliza hapa.

Mzee Baharia, Piraeus
Wanangu, mimi nilishuka melini hapa 1987. Tulikuwa Watanzania sita chumba kimoja nyuma ya bandari, na kila anayeshuka alipewa kona, tukasogezana. Hatukumuuliza mtu jina la kambi. Ndivyo tulivyolelewa nyumbani. Warundi waliokimbilia Tanzania 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakalima, na mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia watu wapatao 162,000. Nchi gani ya huku imefanya hivyo? Binti, mkaribishe mgeni wako, karatasi zitafuata.

Mrundi wa Ioannina
Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, maliza na sehemu ya pili ya hadithi. Mimi nimezaliwa Mtabila, kambi ya wakimbizi hukohuko Tanzania. Desemba 2012 kambi ilifungwa tukapakiwa kwenye malori kurudishwa Burundi, nchi niliyokuwa sijawahi kuiona. Majirani wa Kasulu walilia na sisi, mama yangu anawaombea hadi leo. Lakini waliotupokea na waliotufukuza ni nchi ileile.

Mzee Baharia, Piraeus
Marahaba mwanangu. Hilo la Mtabila siwezi kulitetea.

Fundi wa Patras
Mbona mnamzungusha? Akishapata pasi ya kusafiria aende Ujerumani kwa dada zake. Huku ni njia tu, hakuna aliyekuja kukaa.

Mama Mkalimani
Fundi, ushauri huu umewaponza wengi. Pasi ile inampa siku 90 za kutembea, haimpi haki ya kukaa wala kufanya kazi. Akiomba hifadhi upya kule wataona alama zake za vidole za huku siku hiyohiyo. Na Aprili 2025 mahakama yao ya juu ya utawala ilisema wanaume vijana, wenye afya na wasio na familia wanaweza kurudishwa Ugiriki. Huyu ni mama mwenye watoto, hukumu ile haikuwalenga watu kama yeye, ila usimwahidi mtu usichokijua. Na usiseme hakuna anayekaa. Nina miaka kumi na tisa hapa.

Mwana Bukavu, Thiva
Mama, tusameheane. Sisi akili zetu haziko sawa. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari, na mdogo wangu alivuka Ruzizi usiku na mtoto mgongoni. Sasa yuko kambini Burundi, chini ya turubai. Nikisoma habari ya mama wa Uvira kwenye sebule ya mtu, namwona yeye. Dada, watoto wana umri gani?

Dada wa Kypseli
Mkubwa ana miaka tisa, mdogo minne. Mdogo hakubali kuvua viatu anapolala, anadhani tutaondoka usiku. Tatizo la sasa hivi ni sakafu, ni ya marumaru na baridi imeanza. Na swali la kodi bado, jamani.

Mrundi wa Ioannina
La kodi sijui. Godoro ninalo, la watu wawili, na mablanketi mawili.

Fundi wa Patras
Jumatano napita Ioannina na gari, narudi Athens usiku. Nitumie anwani.