Wauza pampu za volti 12 mnatuumiza kwa namba za kwenye boksi, na mnajua

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira na sitaificha. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za bei za sola, maana hapa tatizo si bei.

Mama yangu anaishi Mkuranga, ndanindani, nguzo za umeme hazijafika. Ana kisima cha kuchimbwa kwa mkono, maji yako mita 11 chini. Ana miaka 71 na bado anavuta kamba. Mwezi uliopita nikaenda Kariakoo kumtafutia pampu ndogo ya kuzamisha ya volti 12, betri na paneli moja, ili maji yapande kwenye simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3. Jumla mita 14. Muuzaji nilimweleza yote hayo bila kuficha kitu. Akageuza boksi akanionyesha: mita 30, lita 20 kwa dakika. "Mita 14 ni kidogo sana kwa hii, bro." Nikalipa.

Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika 9. Mama aliitazama, hakusema neno, akaenda kuchukua kamba yake.

Boksi hilohilo limeandikwa kwamba pampu inakula wati 60. Chukueni kalamu. Kuinua lita 20 kila dakika hadi mita 30 ni kazi ya wati 98, na hapo hujahesabu kinachopotea kwenye mota wala kwenye bomba. Kitu kinachokula 60 kitatoaje 98? Haiwezekani popote duniani. Ukweli ni kwamba lita 20 ni pale pampu inapomwaga bila kupandisha maji hata kidogo, na mita 30 ni kimo ambacho maji yakifika yanagota, tone halitoki. Ni hali mbili tofauti kabisa. Dukani zinasomwa kwa pamoja kana kwamba utazipata zote siku moja. Mtu anayeuza pampu kila siku ya Mungu hajui hilo? Anajua!

Waya ndio ulionichoma zaidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenichagulia, mita 20 za waya wa 1.5 (unene wake kwa milimita za mraba), akasema unatosha. Nilipima betri nikakuta volti 12.3. Nikapima kule pampu ilikounganishwa, inafanya kazi: volti 9.2. Volti tatu zimeishia njiani! Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 20 za waya ni safari ya mita 40, na kwenye volti 12 huna akiba ya kupoteza kama kwenye 230. Nikaukwaruza kwa kisu. Rangi ya shaba iko juu tu, ndani ni alumini nyeupe. Nilinunua waya mwingine, shaba tupu, wa 6, kwa fundi mmoja wa pale Mkuranga. Pampu ileile, betri ileile, ndoo ikajaa kwa dakika 4. Yaani nusu ya mateso yangu ilikuwa ni waya niliouziwa na mtu aliyeniangalia usoni.

Betri nayo imeandikwa 100 Ah, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutunza. Niliipeleka kwenye mizani ya korosho: kilo 14. Betri ya risasi ya 100 Ah ya kweli inakaribia kilo 30, na sehemu kubwa ya uzito huo ndiyo risasi yenyewe, yaani ile metali nzito ya ndani. Sina la kuongeza hapo.

Naomba nieleweke, pampu hizi si mbaya. Kwa dakika 4 kila ndoo, simtanki la lita 1,000 linajaa kwa takriban saa tatu na dakika ishirini za jua, na mama hagusi kamba. Kwa bibi anayeishi na wajukuu wawili hayo ni maji tele. Kama ningeambiwa ukweli huo tangu dukani ningenunua vilevile, tena kwa furaha, na ningeweka hela ya waya mzuri pembeni. Ndiyo maana nakasirika. Kifaa kinachoweza kumpumzisha mzee kinaharibiwa jina, na majirani waliokuja kutazama siku ya kwanza waliondoka wakisema sola ni utapeli.

Nilirudi dukani. Nikaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikauliza, hata kama nimeuziwa alumini kwa jina la shaba? Kijana akahudumia mteja mwingine.

Ninachodai si kikubwa. Andikeni pampu inatoa lita ngapi kwa mita 5, kwa mita 10, kwa mita 15. Wekeni beseni na mpira dukani, mteja apime mwenyewe kwa saa ya simu. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, kwa hiyo yale maandishi ya kwenye risiti msiyafanye ngao.

Jumatatu narudi tena na boksi, kipande cha waya nilichokwaruza na picha ya betri ikiwa kwenye mizani. Kama kuna mwanajamvi aliyewahi kurudishiwa hela yake kwa kesi kama hii, naomba aseme hapa alianzia wapi na alibeba ushahidi gani.