Mnara wa simu unajengwa nyuma ya nyumba na wife ni mjamzito, kuna madhara?

babatarajali
Habari za jioni wakuu. Niko Chamazi huku, kiwanja cha nyuma yangu kuna mzee kawapa watu wa minara eneo, wameshamwaga zege na vyuma vimeanza kupanda, kutoka ukuta wa chumba tunacholala mpaka pale sidhani kama inafika mita 30. Sasa wife ana mimba ya miezi mitano na mama mkwe kaja kutoka Lushoto, alivyoliona lile dude basi ndani hakukaliki, anataka aondoke na mwanae akajifungulie kijijini maana kasikia mionzi ya minara inaharibu mimba, inaleta kansa ya ubongo na ugumba juu. Kuhama siwezi, nyumba yenyewe bado nadaiwa bati. Naomba anayejua anieleze, ya kusikia sitaki, ninayo ya kutosha hapa sebuleni.

Alafu kinachonishangaza huyo huyo mama mkwe simu yake kutwa iko kwenye sidiria, na wife nae karithi.

Kaka Mbishi
Mkuu sema ukweli, kinachokuuma ni mionzi au kodi anayokunja huyo mzee kila mwezi? Wangekufuata wewe ungekuja kuuliza humu? 😂 Nimevuta kiti nasubiri wajuzi.

mtumwema77
Usichukulie poa mdogo wangu. WHO wenyewe walishasema tangu 2011 mionzi ya simu ipo kwenye orodha ya vitu vya kansa, na Uingereza 2020 watu walichoma minara ya 5G moto, unadhani walikuwa wajinga? Shangazi yangu tangu wasimike mnara mtaani kwao kichwa hakimwachi na kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa. Sisi huku tunaletewa tu. Hamisha familia, hela inatafutwa.

Rigger wa Pwani
Kazi yangu ndio hiyo hiyo ya kupanda minara kufunga antena kwahiyo nitaongea ninachokijua. Antena za mnara hazimwagi mawimbi chini ya miguu yake, zinaelekezwa mbele huko kwenye upeo zikiwa zimeinama kidogo sana, yaani mtu aliyelala chini pale karibu na nguzo mara nyingi anapata kidogo kuliko wa nyumba ya mtaa wa pili, na huyo wa mtaa wa pili nae anapata kidogo maana umbali ukizidi mara mbili nguvu inabaki robo. Sisi wenyewe tukienda kufanya kazi mbele ya antena, namaanisha usoni pake kabisa, lazima waizime kwanza upande ule na tunavaa kifuani kidude kinacholia ukiingia kwenye mawimbi makali. Pale juu ndio pa kuogopa. Ukishuka chini kile kidude kinanyamaza kimya.

Sasa sikiliza hii ambayo watu wengi hawaijui. Inayokupa mawimbi mengi mwilini ni hiyo simu yako, mnara haufui dafu, kwasababu simu umeibandika kwenye ngozi. Na simu haitumi nguvu ile ile muda wote, inajipima yenyewe, ikiwa mbali na mnara inapaza sauti kama mtu anayeongea na mwenzie aliye ng'ambo ya bonde. Simu ya 2G inaweza kupanda mpaka wati 2 kwa vipigo vifupi vifupi, ya 4G mwisho wake wati 0.2 hivi, ila ikiwa jirani na mnara inashuka mara mia na zaidi chini ya hapo. Kwahiyo mkuu ukimpeleka wife kijijini sehemu ambayo mpaka upande kwenye kichuguu ndio upate kijiti kimoja, simu yake huko itafanya kazi ya punda kila akipiga, na mwili wake utapokea mawimbi mengi kuliko akibaki hapo Chamazi nyuma ya mnara. Mwambie mama mkwe hivyo uone atasemaje.

mtumwema77
Ndio hao hao wanaolipwa na makampuni. Huwezi kuuma mkono unaokulisha.

Mama wa Eksirei
Mimi hakuna kampuni ya simu inayonilipa, nipo hospitali chumba cha picha. Kaka hapo juu hiyo ya 2011 umeisema nusu. Ni kweli ile taasisi ya WHO ya utafiti wa kansa iliyoko Lyon iliiweka mionzi ya simu kundi la 2B, maana yake "huenda", ushahidi ulikuwa mdogo haukutosha kusema ndiyo wala hapana. Kundi hilo hilo kuna dawa ya majani mazima ya aloe vera. Sigara, pombe na jua viko kundi la 1, na sijaona mtu anachoma bar 😅. Baada ya hapo WHO wakaagiza utafiti wote upitiwe upya, majibu yakatoka 2024, tafiti 63, hawakuona uhusiano wa simu na kansa ya ubongo hata kwa waliotumia zaidi ya miaka kumi. Kuna wale panya wa Marekani wa 2018 ambao wengi wanawataja, madume yalipata uvimbe kwenye moyo ni kweli, lakini walipigwa mionzi ya simu mwili mzima masaa tisa kwa siku miaka miwili, na cha ajabu waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa.

Kuhusu mimba. Mjamzito tunamzuia kwenye eksirei maana ile mionzi ina nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya seli. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo, kinachojulikana yanafanya ni kupasha joto, na kiwango cha raia kimewekwa mara 50 chini ya pale joto linapoanza kuleta shida. Mimba ya wife iogopee presha, upungufu wa damu na malaria, kliniki asikose hata mara moja.

Ila kwenye sidiria atoe, hapo sibishani na mtu. Viwango vya simu vinapimwa ikiwa imeachana na mwili milimita kadhaa, sio imegandana na jasho. Ufaransa Septemba 2023 walisimamisha kuuza iPhone 12 kwasababu ilipopimwa ikiwa mkononi au mfukoni mwili ulipokea wati 5.74 kwa kila kilo na mwisho wao ni 4, mpaka Apple wakaleta apudeti. Na mwenye betri ya moyo aweke simu mbali sentimita 15 angalau.

Rigger wa Pwani
@mtumwema77 huyo shangazi muulize mnara wao una jenereta au umeme wa Tanesco. Mtaani kelele za jenereta usiku kucha na moshi wa dizeli vinaumiza vichwa vya watu na hakuna anayevisema, wote macho juu kwenye antena. Majaribio ya kuwaweka watu wanaosema wanasikia mawimbi bila kuwaambia kama mtambo umewashwa au umezimwa yamefanyika sana tu, wanabahatisha kama mimi na wewe.

babatarajali
Asanteni sana hasa dada wa eksirei. Nimemsomea mama mkwe, simu kaitoa kaihamishia kwenye mkoba ila mnara bado hautaki, anasema hao wote hawajawahi kubeba mimba. Naweza kupata mtu wa kuja kupima hapa ili nimuonyeshe karatasi?

Rigger wa Pwani
Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndio wenye vifaa na kazi ya kupima minara ni yao, na Dar wana ofisi. Andika barua pitishia serikali ya mtaa. Subiri mnara uwashwe kwanza, sasa hivi watapima vyuma. Na hao mafundi waulize jenereta inakaa upande gani, kama ni upande wa dirisha lako anza kupiga kelele leo kabla hawajaimwagia zege.

Kaka Mbishi
Nimesoma mahali ukibonyeza *#07# simu inakuonyesha kiwango chake cha mionzi, mbona hiki kitochi changu kimegoma?

Mama wa Eksirei
Sio simu zote. Angalia kile kikaratasi kilichokuja kwenye boksi.

Kaka Mbishi
Boksi gani dada, nimeuziwa Kariakoo imefungwa kwenye rambo.

Rigger wa Pwani
😂😂 Basi we achana na mionzi, bonyeza *#06# kwanza, zile namba 15 tuma kwenda 15090 uone kama TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, wanaijua.