Gemu za kujenga "zisizoisha" zinaishiwa utamu mapema, na kosa si la mchezaji

Wakuu,

Mtu akilalamika kwamba gemu ya kujenga imemchosha, anajibiwa "huna ubunifu". Mnaboa na hilo jibu. Ubunifu upo, kilichoisha ni uhitaji, na walioumaliza ni watengenezaji wenyewe.

Chukua Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa matofali. Usiku wa kwanza huna kitanda, tochi ni za kuhesabu, sururu ya mawe inakaribia kuvunjika na nje kuna kriipa, zimwi linalokulipukia. Utamu wote uko hapo. Halafu, kwa toleo la Java, unajenga shamba la chuma: wanakijiji watatu, vitanda vitatu, zombi mmoja mbele yao, maji ya kuwasukuma golemu (majitu ya chuma yanayotokea kuwalinda wanakijiji wakiogopa), lava ya kuwaua, hopa (faneli ya kukusanyia vitu) na kasha chini. Wengi hukosea hapa: zombi anaonekana muda wote, wanakijiji hawalali, na wasipolala golemu hatokei. Inabidi zombi afichwe na kufunuliwa kwa zamu, tena umpe jina asije akatoweka. Ukishapatia, kila golemu anaacha vipande 3 hadi 5 vya chuma na wewe umekaa tu. Piramidi kamili ya bikoni (mnara wa mwanga unaokuongezea nguvu) inakula matofali 164 ya chuma, yaani vipande 1,476, na sururu hujaigusa.

Kisha mkutubi, mwanakijiji muuza vitabu, anakuuzia kitabu cha Mending cha kujikarabatia vifaa, sururu haivunjiki tena. Kisha elytra, mabawa ya kurukia. Reli uliyoitandika kutwa nzima hadi kijiji cha pili sasa ni pambo.

Masasisho nayo? 2023 mti wa mcheri, 2024 mwaloni mweupe. Mlango ule ule, ngazi zile zile, rangi tu. (Ndiyo, kuna zimwi la Creaking. Unavunja moyo wake mtini, kwisha habari yake.)

Linganisha na Factorio, gemu ya kujenga viwanda. Matanuru 48 ya mawe yanajaza mkanda mmoja wa njano wa kusafirishia chuma, vipande 15 kwa sekunde. Unatamba kidogo, mara sakiti za kijani zinaumeza mkanda mzima, moshi unawafikia wadudu, wadudu wanazidi ukali, unahitaji risasi, na risasi zinataka chuma kile kile.

Cities: Skylines ya 2015, gemu ya kujenga miji, ilijaribu. Ukifungua mtaa mkubwa wa makazi kwa mkupuo, wakazi wanaingia wakiwa rika moja na wanakufa kwa pamoja. Magari ya maiti yanakwama kwenye foleni, nyumba zinahamwa. Dawa ni kufungua viwanja kidogo kidogo. Ila ukishaijua dawa hiyo, pesa zinarundikana na kinachobaki ni foleni.

Ushauri tunaopewa ni kujinyima: usifanye biashara na wanakijiji, usijenge shamba la golemu, elytra itupe kashani. Inasaidia kweli, sururu inapata tena thamani. Lakini kwa nini kazi hiyo aifanye mchezaji? Kuna amri ya kubaki na mizigo ukifa, kuna ya kuzuia kriipa wasibomoe. Ya kuzima elytra iko wapi?