Fremu karibu na uwanja wa hoki ya barafuni: nisaini miaka mitano?

Kutoka Salt Lake City, Jumanne usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za siku. Nimepata fremu ya mgahawa, dakika saba kwa mguu kutoka uwanja wa Delta Center. Nataka kuuza pilau, sambusa na chai ya maziwa. Mwenye jengo anataka mkataba wa miaka mitano, na kodi ameipandisha sana. Nikimuuliza sababu, jibu lake ni hilo hilo: hoki. Timu ililetwa kutoka Arizona mwaka 2024 na jezi zake zimejaa mjini. Mtaji wangu ni akiba ya miaka sita pamoja na fedha za mama. Naomba ushauri kabla sijatia saini.

Kutoka Glendale, Arizona

Marahaba mdogo wangu. Usisaini bado. Hiyo timu ndiyo iliyokuwa kwetu, na mimi nimefagia chini ya viti vyake misimu minne.

Mji wetu ulitoa takriban dola milioni 180 kujenga uwanja uliofunguliwa Desemba 2003. Tulielezwa kwamba maduka, maegesho na kodi ya mauzo vitalipa deni la ujenzi. Mwaka 2009 mwenye timu akaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Tajiri wa Kanada, Jim Balsillie, akataka kuinunua aihamishie Hamilton, Ontario. Jaji akakataa, na NHL, ligi kuu ya hoki, ikainunua yenyewe. Hapo mji ukabanwa, maana timu ikihama, uwanja hauhami, wala deni lake. Ukaanza kulipa ili timu isiondoke: dola milioni 25 kwa msimu, misimu miwili mfululizo. Mwaka 2013 ukaingia mkataba mwingine wa milioni 15 kwa mwaka, ambao halmashauri iliuvunja 2015. Miaka yote hiyo mwenye deni ndiye aliyekuwa anabembeleza.

Mwaka 2022 timu ikahamia Tempe, mji mwingine wa Arizona, kwenye uwanja wa chuo kikuu usiofikisha watu 5,000. Mei 2023 wapigakura wa Tempe wakaukataa mradi wa uwanja mpya. Aprili 2024 timu ikaja kwenu kwa dola bilioni 1.2, milioni 200 kati ya hizo ni ada ya kuhama iliyokwenda kwa ligi. Aliyeuza alipata bilioni nzima.

Sisi je? Ratiba ilibandikwa mlangoni mwa stoo, karatasi ya manjano, mechi 41 za nyumbani zimezungushiwa kalamu nyekundu. Kodi ya nyumba nilikuwa naihesabu kwa miduara ile. Msimu uliofuata karatasi ikaja na miduara michache tu, ya matamasha. Uwanja haukufa, matamasha bado yapo, ila tamasha huwezi kulipangia maisha mwaka mzima kama ulivyopangia mechi. Nilikuwa nimechukua gari kwa mkopo nikitegemea zile 41. Nililirudisha, na malipo yote ya miezi kumi na tisa yakapotea.

Kutoka Winnipeg, Kanada

Dada wa Glendale pole sana. Mji wetu umeonja pande zote mbili. Mwaka 1996 timu yetu, Jets, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kwenu baadaye, iliondoka hapa ikaenda Phoenix, jirani na Glendale. Sababu kubwa ilikuwa fedha: wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani, tiketi zikauzwa kwa dola ya Kanada, na hii ilikuwa haifiki senti 75 za Marekani. Mwaka 2011 tukaletewa timu ya Atlanta kwa dola milioni 170, milioni 60 ikiwa ada ya kuhama. Tiketi 13,000 za msimu zikaisha haraka ajabu. Kufikia msimu wa 2023-24 zilikuwa zimeshuka hadi kama 9,500, wenye timu wakawa wanazunguka kuwaomba wafanyabiashara wanunue. Kwa hiyo, mdogo wangu, umati wa misimu ya mwanzo usiupigie hesabu ya miaka mitano.

Halafu angalia kalenda. Hoki na kikapu vinachezwa humo humo Delta Center, na msimu wao ni mmoja, Oktoba hadi Aprili. Mei hadi Septemba pilau utamuuzia nani? Na uwanja ulijengwa kwa ajili ya kikapu. Viti vinavyoona barafu yote vilikuwa kama 11,000 tu msimu wa kwanza. Ndiyo maana wanaukarabati, na kodi ya mauzo mjini kwenu imeongezwa nusu asilimia tangu Januari 2025. Muulize mwenye jengo: wakifunga barabara kwa ujenzi, kodi ya pango inapungua?

Kutoka Salt Lake City, Alhamisi

Asanteni sana wakubwa. La ujenzi sikuwa nimelifikiria kabisa. Leo hakuna mechi, nimesimama mbele ya fremu kuanzia saa sita hadi saa nane mchana na daftari. Wamepita watu 63, wengi wafanyakazi wa ofisini wenye vitambulisho shingoni. Wanane waliingia kununua chakula duka la jirani. Nimempelekea mwenye jengo pendekezo: miaka miwili, nikiwa na haki ya kuongeza mitatu, na kodi ishuke theluthi moja wakati wowote barabara ikifungwa au timu ikiwa haichezi pale. Kasema atanijibu Jumatatu. Fedha za mama nimezirudisha benki kwanza.