PDF, DOCX au EPUB: nyaraka za chama zihifadhiwe kwa muundo upi?

KatibuUshirika:
Ndugu wanajukwaa, chama chetu cha akiba na mikopo kinaandaa utaratibu mpya wa nyaraka, na kamati imegawanyika. Mwenyekiti anataka kila kitu kiwe PDF. Mhasibu anataka tubaki na DOCX, yaani faili za Word, kwa sababu fomu hubadilika mara kwa mara. Kijana wetu wa tehama anapendekeza EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, kwa hoja kwamba wanachama wengi husoma kwenye simu. Tunazo fomu za maombi, mihtasari ya mikutano, mikataba ya mikopo iliyotiwa saini, na mwongozo wa mwanachama wenye kurasa zipatazo 60. Je, upo muundo mmoja unaoweza kubeba zote?

MchapajiKariakoo:
Ndugu Katibu, mimi nina duka la steshenari, hivyo nasema kwa upande wa karatasi. Mteja akileta DOCX kwenye flashi, sina hakika na kitakachotoka, kwa maana kompyuta yangu ikikosa fonti (aina ya mwandiko) aliyotumia, programu huweka nyingine yenye upana tofauti, mistari husogea, na sehemu ya saini huangukia ukurasa wa pili peke yake. PDF inaweza kubeba fonti zake ndani ya faili, tena hueleza kila herufi ikae wapi kwenye ukurasa. Hilo ndilo lililokuwa kusudi tangu kampuni ya Adobe ilipoitoa mwaka 1993: waraka usitegemee kompyuta wala programu iliyouandika. Mwaka 2008 ilifanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na leo programu za kuifungua ni nyingi na za bure. Kwa chochote kitakachochapwa, kura yangu ni PDF.

Neema_Msomaji:
Kaka Mchapaji, hoja yako ina nguvu mpaka pale karatasi inapoishia. Ukurasa wa A4 ukiufungua kwenye simu, ama herufi huwa ndogo mno, ama unaukuza kisha unausukuma kushoto na kulia kwa kila mstari. EPUB hujengwa kama ukurasa wa wavuti, kwa hiyo maneno hujipanga upya kulingana na kioo na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji.

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi hazilifikirii. Macho yangu ni dhaifu, nami hutumia programu inayonisomea kwa sauti. PDF iliyotokana na skana ni picha tupu. Programu hiyo haioni hata neno moja. Hata iliyotoka kwenye kompyuta, ikiwa haina alama zinazoonyesha kichwa cha habari ni kipi na safu ipi husomwa kwanza, mara nyingi husomwa kwa kuchanganywa. Kiwango cha kutibu hilo kipo tangu 2012, nacho ni PDF/UA, lakini hakijitekelezi chenyewe: mwandishi anapaswa kutumia mitindo rasmi ya vichwa badala ya kukoleza tu herufi, na kuhakikisha alama hizo zinahifadhiwa anapoigeuza hati kuwa PDF. Kwa mwongozo, toeni EPUB, na PDF iwepo pia kwa wale ambao simu zao hazina programu ya kufungua EPUB.

MzeeMakabrasha:
Nimefanya kazi ya masjala kwa miaka mingi, basi niseme kuhusu mikataba. Ndugu Katibu, usitosheke na neno PDF. Uliza ni PDF ipi. Ipo PDF/A, kiwango cha ISO 19005 kilichotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi kwa muda mrefu. Hulazimisha fonti zote ziwe ndani ya faili, na hukataza nywila pamoja na programu ndogo zinazojiendesha ndani ya hati. Maana yake ni kwamba atakayeifungua baada ya miaka 30 hatahitaji kitu kilichokuwa kwenye kompyuta yako ya leo.

Kuhusu skana, chukueni tahadhari. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nakala zilizoskaniwa: 6 ikawa 8. Chanzo kilikuwa njia ya kubana faili, ambayo hutafuta vipande vinavyofanana na kutumia kimoja badala ya kingine. Nakala ilitoka safi kabisa, bila ukungu wowote wa kumtia mtu shaka. Fikirini mkopo wa shilingi 600,000 ukisomeka 800,000! Msibane faili kupita kiasi, na karatasi ya asili isitupwe.

Mkitumia programu ya kutambua maandishi, ili picha iweze kutafutwa kwa maneno, chagueni lugha ya Kiswahili, la sivyo programu itayasoma maneno yetu kwa kamusi ya Kiingereza.

Mlinzi_wa_Data:
Shikamoo Mzee. Naongeza kuhusu mihtasari, kwa kuwa humo huwa na majina ya wadaiwa. Kuweka mstari mweusi juu ya jina si kulifuta. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump nchini Marekani, waliwasilisha mahakamani PDF yenye mistari ya namna hiyo, na waandishi wa habari wakanakili maneno yaliyokuwa chini yake na kuyabandika kwingine. Ondoeni jina katika hati ya asili, ndipo mtengeneze PDF.

Halikadhalika, picha ya saini iliyobandikwa si saini ya kidijitali, kwani yeyote anaweza kuinakili. Nayo nywila inayozuia kuchapa au kunakili hutegemea uungwana wa programu inayofungua, zipo zinazoipuuza. Inayosaidia kweli ni ile inayohitajika ili faili ifunguke.

Mhasibu_Mtulivu:
Mhasibu wenu msimbeze. PDF ya kawaida haijui kwamba hili ni jedwali. Inajua herufi zilizowekwa mahali fulani na mistari iliyochorwa kando yake, na ndiyo sababu kulirudisha jedwali kwenye lahajedwali (kama Excel) ni kazi ya kuudhi. Hati mama, yaani ile inayohaririwa, ibaki DOCX au ODT (muundo wa programu za bure kama LibreOffice), ambazo nazo ni viwango vya ISO, na PDF iwe nakala ya kutolewa nje.

KatibuUshirika:
Nashukuru. Nitapendekeza hati mama ziwe ODT, mikataba PDF/A pamoja na karatasi zake, na mwongozo utoke kwa EPUB na PDF. Nimebakiza fomu: je, mwanachama anaweza kuijaza PDF kwenye simu yake?

Mlinzi_wa_Data:
Inawezekana, ila si kila programu ya simu huhifadhi kilichojazwa. Nyingine huonyesha nafasi tupu kwa anayepokea. Jaribuni kwanza kwa simu tofauti za wajumbe wa kamati, na hadi hapo fomu za kuchapa ziendelee kuwepo ofisini.